Harufu Aliyoikana Kitenge

Shemeji yangu Kitenge ana pua kubwa, na mimi Blandine ndiye niliyeanza kuicheka siku alipokuja kumposa dada yangu Henriette. Nilimwuliza dada kama mahari italipwa na mwanamume au na pua. Baadaye nilinyamaza, kwa sababu pua ile ililisha nyumba nzima. Hapa Kolwezi, mtaani Manika, wenye magari hawasemi wanakwenda gereji. Wanasema, "Ninapeleka kwa Tata Pua," yaani Baba Pua.

Gari likiletwa linanuka kuungua, mafundi wengine wanakimbilia kufungua kapo, yaani boneti, na kuchokonoa. Kitenge haendi hivyo. Anamwambia mwenye gari alizime, anayevuta sigara anafukuzwa mpaka barabarani, wote tunanyamazishwa kana kwamba harufu husikilizwa kwa masikio, halafu anainama na kuipitisha pua yake pembeni mwa kapo kabla ya kulifungua. Husema kuungua si kumoja. Waya ukiungua unakwaruza koo. Mkanda wa feni unanuka mpira, hilo hata mimi nalijua. Klachi ikiungua utadhani mtu amechoma gazeti bichi. Na mafuta ya injini yakidondokea bomba la moshi yananuka sufuria ya mikate ya kukaanga iliyosahauliwa motoni, na hiyo ndiyo harufu ambayo Kitenge haipuuzi hata siku moja, kwa sababu gari linaweza kushika moto njiani na watu wakiwa ndani.

Hajawahi kukosea harufu. Mara moja tu aliikana, na alikuwa ameinusa vizuri sana. Ninaisimulia mimi kwa sababu yeye hawezi, na dada yangu akiigusa machozi yanamtangulia.

Kazi hiyo ya kunusa Kitenge hakuzaliwa nayo. Alipofika Kolwezi kutoka Kabongo, ndani ya jimbo letu hili hili, kijana mwenye viatu vya mpira na Kiswahili kibovu, alipokelewa kwenye karakana ya magari ya kampuni ya migodi na msimamizi mmoja aitwaye Muamba. Baba yake Muamba aliletwa kutoka jimbo la Kasai na Wabelgiji, zamani, kuja kuchimba shaba. Muamba mwenyewe alizaliwa hapa hapa, akabatizwa hapa, akamwoa hapa Mianda ambaye naye alizaliwa hapa. Kasai waliijua kwa majina ya wazee waliozikwa huko.

Muamba ndiye aliyemfundisha Kitenge kuinama na kunyamaza. Tena ndiye aliyesimama naye kanisani siku ya ndoa. Kwetu parrain wa ndoa si shahidi wa kupiga picha na kula wali. Yeye na mkewe, marraine, wanakuwa baba na mama wa ile nyumba. Mkigombana mnakwenda kwao, mtoto akizaliwa wanampokea wao kwanza, na wakija kwako hawabishi hodi. Muamba alimwita Kitenge "mwana", na Mianda alimgombeza Henriette kwa chumvi nyingi kwenye mchicha kama mtu aliyemzaa. Mimi nilikuwa na wivu, nasema kweli, kwa sababu mume wangu alichagua parrain tajiri, na tajiri yule hakuwahi kutuuliza hata kama tumeamka.

Halafu ikaja ile miaka. Migodi ilikuwa imelala, mishahara imekuwa hadithi, na watu wenye njaa walitafutiwa mtu wa kulaumiwa. Wakubwa wakasimama kwenye viwanja wakasema ni Wakasai, warudi kwao. Vijana wa mtaa wakalipokea neno hilo kama chakula. Walianza na kuimba, wakafuata kuandika majina yao wenyewe kwa chaki kwenye milango ya Wakasai waliomo ndani bado, kuonyesha nyumba itakuwa ya nani. Familia zikabeba magodoro mpaka gare, stesheni ya treni, zikalala kwenye saruji zikingoja treni isiyokuja. Watoto wakafa kwa surua pale pale kwenye reli, na sisi tulipita na ndoo zetu tukiangalia upande mwingine.

Kitenge akaacha kwenda kwa parrain wake. Hakuna aliyemkataza. Mara ya kwanza alisema ana kazi, mara ya pili alisema mguu unamwuma, baadaye hakusema kitu tena na Henriette hakuuliza. Alikuwa anaona haya hata kupita barabara ya nyumba ile, kwa hiyo akawa anazunguka mbali kwenda kununua mkate. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwa shemeji yangu uoga ulifika, ukakaa, lakini kicheko sikukisikia.

Asubuhi moja mimi na Henriette tulikuwa barazani tunachagua maharage. Kitenge alikuwa uwanjani anamalizia pikipiki ya Stany. Huyo Stany alikuwa mkubwa wa vijana wa mtaa wetu, wale wa chaki. Alikaa juu ya tairi bovu akila karanga, mwenye adabu zake zote, akitusalimia "bamama" kama mtoto wa katekista. Ndipo ikaingia bashé ya Muamba, Peugeot ya zamani yenye turubai nyuma, imepakiwa mpaka juu. Mianda alikuwa mbele, na nyuma wajukuu wao wamebanwa kati ya masufuria. Hawakutaka kufa gare. Walikuwa wanajaribu barabara ya Sandoa na Kapanga, wapite Musumba, watokee Kasai kwa upande wa juu.

Harufu ilifika kabla ya gari kusimama. Hata mimi niliisikia: sufuria ya mikate.

Henriette akainuka, maharage yakamwagika. Lakini Mianda, kule ndani ya gari, akamtikisia kichwa kidogo tu. Dada akakaa. Muamba akashuka, hakumwita mtu mwana, hakuuliza watoto wako wapi. Alisimama mbali kidogo kama mtu anayefika mahali kwa mara ya kwanza.

"Yambo yenu," akasema. "Niko na mutoka inanuka. Balisema hapa kuko mutu anajua."

Tukaelewa. Mteja hana kabila. Stany mwenyewe alikuwa ametengenezewa pikipiki hiyo mwaka mzima na mafundi wa Kasai. Muamba alikuwa amekuja kama mteja ili yeyote aliyekaa pale asiwe na la kusema juu ya Kitenge.

Kitenge alifuta mikono kwenye kitambaa kichafu, akaifuta tena. Akasogea, akainama penye kapo kama kawaida yake. Hakulifungua hata. Alitupa jicho moja kwa Stany, na Stany alikuwa anamenya karanga.

"Haina kitu," Kitenge akasema. "Ni mafuta ya zamani ilimwangika juu ya moteur. Itaungua, itaisha yenyewe."

"Itaisha yenyewe?" Muamba akauliza.

"Itaisha. Muende tu."

Muamba alimwangalia. Hakuwa na hasira usoni, na nafikiri ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo. "Haya," akasema, "kama ni wewe umesema." Akapanda gari lake. Wajukuu wakatupungia mikono, kwa sababu watoto hawajui siasa, na mimi sikujua kama nipunge au nisipunge. Harufu ilibaki uwanjani baada ya gari kuondoka.

Stany alikung'uta maganda ya karanga kwenye suruali. "Tata Pua," akasema, "mi sina pua yako, lakini ile ni mafuta inaangukia ku échappement. Itawaka moto."

Kitenge alirudi kwenye kitambaa chake, akafuta mikono ambayo haikushika kitu.

"Juu ya nini haukuitengeneza?"

Akakikung'uta kitambaa, akakikunja.

"Ulinitazama mi. Ni juu yangu? Mi nilikukataza?" Akacheka, si kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Tata, sisi tunataka baende. Mutoka ikifa hapa karibu, batarudia ku gare, na ku gare hakuna train. Ungeitengeneza, tungefurahi sisi, na beye bangefurahi."

Nilimwona shemeji yangu akigeuka rangi. Alikuwa amewauza baba na mama wa nyumba yake, na mnunuzi hakuwepo. Hata adui wao alikuwa anamshangaa. Sijapata kuona mtu mzima akiaibika hivyo mchana, mikono ikining'inia, hajui aiweke wapi.

Henriette alishuka barazani na ungo mkononi. Hakupiga kelele. "Kitenge," akasema, "njia ya mwongo ni fupi, lakini hii bameipita ni batoto."

Ndipo akakimbilia sanduku lake la spana. Baiskeli yake haikuwa na mnyororo. Akasimama katikati ya uwanja, sanduku mkononi, akitazama mlango wa barabara, na Stany akapiga teke pikipiki yake, ikawaka mara moja, kwa sababu ilikuwa imetengenezwa vizuri sana.

"Panda," Stany akasema.

Yaliyofuata alitusimulia Kitenge mwenyewe jioni ile, mara moja, akitazama sakafu. Alipanda nyuma ya mtu aliyekuwa anawafukuza parrain wake, akamshika kiunoni asianguke. Walipopita njia ya machimbo ya Mashamba kulikuwa na vijana kando ya barabara, walimwona Stany, wakaona sanduku la chuma mkononi mwa Kitenge, wakadhani wanakwenda kumaliza kazi kwa mtu. Wakashangilia. Mmoja alimpigia Kitenge saluti. Alisema angeweza kuteremka, lakini angefika vipi kwa miguu?

Bashé ilikuwa imesimama kwenye mwinuko baada ya machimbo, kapo limefunguliwa, moshi mwembamba unatoka. Muamba alikuwa anapunga kitambaa juu ya injini. Hakuwa amekwenda kwa pupa. Alikuwa anatembea kidogo, anasimama, anangoja ipoe, anatembea tena. Mianda aliona pikipiki kwanza. Akawashusha wajukuu upesi, akawasukuma kwenye majani marefu, akasimama mbele yao na mikono ameitandaza. Kitenge alimwita, "Marraine, ni mi!" Mikono haikushuka.

"Alinitambua," alituambia. "Alinitambua, na hakushusha mikono."

Stany alibaki juu ya pikipiki yake, injini inanguruma. Kitenge akaenda mpaka kwenye gari, akaweka sanduku la spana chini.

"Nilikuya na klé," akasema.

Muamba alimtazama, akamtazama Stany, akaingia ndani ya gari. Alipotoka alikuwa na kitu bapa kimefungwa kwenye gazeti. Akalifungua. Ilikuwa gasketi mpya ya kuziba mafuta kwenye kifuniko cha juu ya injini, imekatwa kwa mkasi kutoka kartoni ya sabuni, na matundu yake yote, imelowekwa mafuta tayari. Kazi safi. Kitu cha namna hiyo hakikatwi kando ya barabara na watoto wanalia. Kilikuwa kimekatwa nyumbani, na kilikuwa ndani ya gari tangu walipoingia uwanjani kwetu. Kilichopungua kilikuwa spana tu, maana vifaa vyake vyote vilibaki kwenye karakana ya kampuni siku vijana walipomfungia mlango.

Kitenge aliishika gasketi kwa kingo zake. "Parrain," akanong'ona, "nilinusa. Nilijua."

"Minajua kama ulijua," Muamba akajibu kwa sauti ya chini, Stany asisikie. "Mi njo nilikufundisha kunusa."

"Sasa ulikuya kuniuliza juu ya nini?"

Muamba akashika upande mmoja wa kifuniko. "Nilitaka kuagana na wewe," akasema. "Nilikosa njia ingine ya kuingia kwako. Niliwaza, atatengeneza, tutasimama pamoja kidogo pale ku moteur, halafu nitaenda. Fungua, inapoa."

Haikuwa imepoa. Kitenge aliungua mkono, ana alama mpaka leo. Walifanya kazi bila maneno kama zamani karakanani. Mmoja akinyoosha mkono, mwingine alikuwa ameshaweka spana inayotakiwa. Wakatoa gasketi ya zamani, imekuwa makaa, wakakwangua kingo, wakaweka ile ya kartoni, wakakaza kidogo hapa na kidogo pale ili kifuniko kisipinde. Wakafuta bomba la moshi kwa kitambaa mpaka Mianda, bila kuitwa, akaleta kipande cha liputa, nguo yake ya zamani ya kujifunga kiunoni, wakamalizia nacho. Muamba akawasha injini. Wakainama wote wawili, kila mmoja upande wake wa kapo, wakanusa.

"Hii harufu inabakia," Kitenge akasema, "itaisha yenyewe."

Safari hii ilikuwa kweli, na maneno yalikuwa yale yale. Alisema aliyasikia yakitoka mdomoni akatamani ardhi ipasuke.

"Tata, haraka!" Stany akaita kutoka barabarani.

Mianda akachukua kopo la maji ya safari, maji ya kunywa ya watoto, akammiminia Kitenge mikononi anawe. Kwetu mtoto ndiye anayemmiminia mzazi. Mzazi humnawisha mgeni tu. Kitenge alijaribu kulichukua kopo, naye akalivuta, akaendelea kumimina mpaka mikono ikawa safi. Wajukuu wakapandishwa. Muamba akajifuta, akanyoosha mkono, akasema kwa sauti kubwa, ya kusikika mpaka penye pikipiki:

"Aksanti, fundi."

Akapanda gari, akaenda. Hakumwita mwana, wala hakugeuka nyuma. Kitenge alirudi mjini kwa miguu, sanduku begani, kwa sababu alikataa kupanda tena nyuma ya Stany. Stany hakukasirika hata kidogo. Alituletea salamu, akasema tata anakuja polepole, kisha akaenda zake. Mlango wa nyumba ya Muamba ulikuwa na jina la mtu mwingine kabla ya jua kuzama.

Mimi nilimkasirikia shemeji yangu muda mrefu. Nilimwona mdogo kuliko alivyokuwa. Sasa sina hakika tena, maana kati yetu wote tuliopita gare na ndoo zetu, ni yeye peke yake aliyemfuata mtu, hata kama alimfuata amechelewa. Lakini sitamtetea. Yeye mwenyewe hajitetei.

Mvua zilipokwisha alikuja mchuuzi wa mihogo kutoka Kapanga. Henriette alikuwa anawauliza wote wanaotoka njia ile, bila kuchoka. Huyu akasema ndiyo, aliiona bashé ya namna hiyo, turubai, mzee na mama na watoto, ilipita Musumba, ilikuwa inakwenda vizuri. Zaidi ya hapo hajui. Dada yangu alicheza pale pale sokoni. Alikimbia nyumbani na kikapu kitupu, mimi nyuma yake, akamkuta Kitenge ameinama penye gari la mtu.

"Balipita Musumba!" akamwambia. "Mutoka haikuwaka moto! Unasikia? Joint ya kartoni ilishika!"

Kitenge aliinuka, akaegemea kapo. Akafunika uso na mkono wake wenye alama ya moto. Tulidhani ni furaha.

"Na ile ya kukuita fundi," Henriette akaendelea, maana alijua kinachomla usiku, "wacha kuiwaza. Hakukukataa. Stany alikuwa pale anasikia. Angekuita mwana mbele yake, bangekuya kutuchoma. Alikuwa anakukinga, Kitenge. Mpaka mwisho alikuwa anakukinga."

"Minajua," shemeji yangu akasema. "Njo ile inaniuaka."

Akarudi kuinama kwenye gari la watu.